Biashara ya karafuu na pembe katika majalada ya korti za Zanzibar

Daftari la duka lililofungwa huishia kufungia karanga. Mwenyewe amekufa, watoto wamehama, maandishi ni ya Kigujarati au Kiarabu kisichosomwa na mtu nyumbani, na karatasi ni karatasi. Ndivyo zilivyopotea hesabu za nyumba nyingi za biashara za Mji Mkongwe, Mombasa, Lamu na Bagamoyo. Lakini mfanyabiashara aliyeshtakiwa, au aliyekufa akiwa na wadai mlangoni, au aliyeuza shamba mbele ya msajili, aliacha kitu mahali pengine. Korti ilipokea hati yake au nakala yake, ikaigonga muhuri, ikaipa namba na kuifunga jaladani. Haikufanya hivyo kwa kuipenda historia, ilihitaji ushahidi. Ndiyo maana anayetaka kujua karafuu ziliuzwaje kabla hazijachumwa, au msafara wa pembe uligharimiwa na nani, atafaidika zaidi na majalada ya madai, usajili na mirathi kuliko ripoti ndefu za makonseli.

Ninaloshikilia katika makala hii ni moja. Hati iliyofika kortini iliandikwa, au ilichaguliwa, ili mtu apate haki yake. Ina ukweli mwingi, lakini ukweli wenyewe umekaa ubavu. Anayeisoma kama taarifa ya kawaida ya biashara atahesabu mikopo kuwa mauzo, riba kuwa kodi ya shamba, na malimbikizo ya deni kuwa kupanda kwa bei ya ardhi.

Zilipo, na kwa nini zimetawanyika

Kwa Zanzibar, pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Hati zimepangwa kwa herufi za ofisi iliyozizalisha. AA ni konseli ya Kiingereza, AB ni sekretarieti ya serikali ya ulinzi, AM ni madaftari ya usajili wa hati za mauzo na madeni, HC ni Mahakama Kuu, HD ni Kamisheni ya Wakfu. Anayefuatilia biashara aanze AM, kisha aende HC. AM inaonyesha watu walipokuwa bado wamepatana, HC inawaonyesha walipogombana, na jina likionekana kote kuwili kazi inakuwa imeshapata uti wa mgongo. HD isisahauliwe: nyumba na mashamba mengi yaliyokopewa yaliwahi kuwekwa wakfu kabla au baada ya deni, na ugomvi wa kipi kilitangulia umeacha karatasi nyingi.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya jambo moja lionekane kwenye ofisi moja na lisionekane nyingine. Sayyid Said bin Sultan aliwekeana mikataba na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844, na mikataba hiyo iliwapa makonseli mamlaka juu ya raia wao. Amri ya Uingereza ya mwaka 1866 ikaiweka rasmi korti ya konseli Zanzibar. Wahindi wengi walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza au watu walio chini ya ulinzi wake, kwa hiyo kesi dhidi yao zilikwenda kwa konseli wa Kiingereza, sheria zilizotumika zilikuwa za India, na rufaa zilipanda hadi Bombay.

Kanuni ya jumla ni kwamba mdai humfuata mdaiwa kwenye korti ya mdaiwa. Mwarabu aliyemdai Mhindi alikwenda kwa konseli. Mhindi aliyemdai Mwarabu au Mswahili alielekea upande wa Sultani na makadhi, wa Kiibadhi na wa Kisunni, ambako mengi yalimalizwa kwa mdomo mbele ya mashahidi. Kwa hiyo kwenye majalada ya konseli utawaona Wahindi wakidaiwa mara nyingi kuliko vile walivyodaiwa kweli mitaani, na mkopeshaji mkubwa anaweza kuonekana kama mtu asiyekuwa na wadeni. Upungufu huo haukuletwa na mchwa. Umo katika muundo wenyewe wa korti.

Mfano unaojulikana ni ule wa msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley na Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Stanley alipofika pwani mwishoni mwa mwaka 1889 alifungua dai juu ya fedha za Tippu Tip, zaidi ya pauni 10,000, akilalamika kwamba hakutimiza ahadi ya wapagazi. Tippu Tip hakuwa raia wa Uingereza, lakini fedha zenyewe zilikuwa mikononi mwa wakala wake Mhindi, na Mhindi yule alikuwa chini ya konseli. Korti ilimfikia mfanyabiashara wa Kongo kwa kupitia sanduku la wakala wake wa Unguja. Ukiona jina la mtu wa bara kwenye kesi ya konseli, tafuta kwanza ni mali gani yake ilikuwa kwa nani mjini.

Baada ya mwaka 1890 visiwa vilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na hasa baada ya korti ya Kiingereza kupangwa upya mwaka 1897, uandishi ukaongezeka na majalada yakawa manene. Wingi wa majalada ya miaka ya 1900 usichukuliwe kuwa dalili ya wingi wa magomvi.

Bei khiyari: mkopo uliovaa kanzu ya mauzo

Hati inayowaangusha wasomaji wengi ni ya bei khiyari. Sheria ya Kiislamu inakataza riba. Mwenye shamba anataka fedha, mwenye fedha anataka faida na usalama. Suluhisho la pwani lilikuwa hivi: mwenye shamba analiuza kwa mwenye fedha, akibakiza haki ya kulirudisha kwa bei ileile ndani ya muda uliotajwa, mwaka mmoja, miwili, mitatu. Siku hiyohiyo, au kwenye hati ya pili, analikodi shamba lake mwenyewe kutoka kwa mnunuzi. Anaendelea kuchuma karafuu zake na analipa kodi. Akirudisha bei, shamba ni lake. Muda ukipita bila fedha, kwa maneno ya hati mauzo yamekamilika.

Kodi ile ndiyo faida ya mkopeshaji. Tuseme shamba la mikarafuu 300 limeuzwa kwa khiyari riale 600, kwa miaka miwili, na kukodiwa riale 72 kwa mwaka. Mkopo ni riale 600 kwa asilimia 12. Sasa mwenye shamba hakulipa kodi hata mara moja. Baada ya miaka miwili anadaiwa riale 744. Hawafikishani kortini, wanaandika waraka mpya: shamba lilelile, mipaka ileile, bei riale 744, na muuzaji anakiri kwamba amezipokea zote. Hakupokea hata thumni. Mtafiti anayejaza jedwali lake bila kuangalia mipaka ataandika mauzo mawili, na kwamba bei ya ardhi imepanda kwa asilimia 24 katika miaka miwili. Kosa hili ni rahisi kulifanya na gumu kulisahihisha baadaye, maana kwenye jedwali linaonekana kama data safi.

Kinga yake ni kusoma sehemu zote za waraka kwa mpangilio. Baada ya basmala huja tarehe, kisha ikrari, yaani kukiri, ya muuzaji kwa jina lake, la baba, pengine la babu na la kabila. Kisha jina la mnunuzi. Kisha mali: mahali, aina na idadi ya miti, na mipaka minne, wa kibla, wa suheli, wa mashariki na wa magharibi. Kibla kwa Zanzibar ni kaskazini na suheli ni kusini. Mtu aliyesomea hati za Misri au Shamu hukosea hapa na kuligeuza shamba zima. Mipaka hutajwa kwa majirani, njia, mto au msikiti, na hiyo ndiyo alama ya kulitambua shamba kwenye hati nyingine, kwa kuwa majina ya mahali huandikwa kwa namna nyingi. Kisha bei, muda wa khiyari, mashahidi, jina la mwandishi. Mwisho, ukingoni au nyuma, maneno ya msajili: tarehe ya kusajiliwa, namba, ada.

Nyuma ya karatasi ndiko uhai wa hati uliko. Hapo huandikwa malipo ya sehemu, kuhamishwa kwa deni kwenda kwa mtu mwingine, au kwamba shamba limekombolewa. Kwenye madaftari ya usajili maneno hayo huwa pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine. Lakini kukosekana kwake hakuthibitishi kuwa shamba lilipotea. Wengi walipolipa walichukua waraka wao wakauchana, hawakwenda kulipa ada nyingine kwa msajili. Kwa hiyo daftari la usajili linajua vizuri kuzaliwa kwa deni na halijui vizuri kufa kwake.

Dalili nyingine tatu za kwamba mauzo ni mkopo: bei iko chini sana ikilinganishwa na mashamba ya jirani yaliyouzwa moja kwa moja, muuzaji anaendelea kutajwa kuwa jirani kwenye hati za watu wengine miaka baada ya "kuuza", na mnunuzi ni mtu ambaye jina lake linajirudia ukurasa baada ya ukurasa. Ukizikuta mbili kati ya hizo, usiliite shamba hilo kuwa limeuzwa mpaka uone karatasi ya kukabidhi.

Kwa nini mkopeshaji hakulichukua shamba alilime mwenyewe? Sababu moja ni kazi. Mashamba ya mikarafuu yalitegemea watumwa, na raia wa Uingereza walikatazwa kuwamiliki; mwaka 1860 konseli Rigby aliwaachisha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Naona kukodisha kulimwezesha mkopeshaji kupata faida ya shamba bila kugusa utumwa kwa jina lake, ingawa jasho lilikuwa lilelile. Hati iko kimya kuhusu watu waliochuma. Ukimya huo usipite bila kutajwa na anayeandika historia kwa hati hizi. Baada ya hali ya utumwa kuondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, madai ya fidia ya mabwana nayo yaliingia kwenye karatasi za serikali, na hapo ndipo majina ya wachumaji wa shamba fulani yanapoweza kupatikana.

Majaji wa Kiingereza mara nyingi waliiita bei khiyari rehani katika hukumu zao, kwa kuwa waliangalia maana yake. Kwa hiyo shughuli moja inaweza kuwa mauzo kwenye AM na rehani kwenye HC. Tafuta kwa majina yote mawili.

Ikrari

Ikrari ni hati fupi: fulani amekiri kwamba anadaiwa na fulani kiasi kadhaa, hadi muda fulani. Ndiyo iliyoendesha misafara. Anayekwenda bara hakupewa fedha taslimu. Alipewa nguo za merikani na kaniki, ushanga, baruti, kwa bei ya mkopo iliyozidi bei ya sokoni, na ikrari ikaandikwa kwa jumla. Hati haionyeshi riba kwa sababu riba imeshaingia kwenye bei ya nguo. Pasipo orodha ya bidhaa au daftari la muuzaji, huwezi kuitenganisha, na ni uungwana kukubali hivyo kuliko kubuni asilimia.

Ikrari za karafuu zina umbo jingine: fulani amepokea riale 100 na ataleta farasila 50 (kila moja kama kilo 16) za karafuu kavu msimu ukifika. Hapo bei ni riale mbili kwa farasila. Sokoni ikifika tatu, mkopeshaji amepata riale 50 juu ya mia. Ikianguka moja na nusu amepata hasara, na hapo ndipo kesi huanza, maana kila upande unakumbuka mkataba kwa namna yake. Neno "kavu" lisirukwe. Karafuu mbichi ikianikwa hubaki na karibu theluthi moja ya uzito wake, na mabishano ya ubora, unyevu na vikonyo yamejaa kwenye ushahidi. Kwa pembe angalia kama imetajwa daraja, bab ulaya au bab kachi na kadhalika, kwa sababu farasila moja ya pembe kubwa laini na farasila moja ya vipande havikuwa na bei moja.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba ikanusurika zaidi. Hati za Unguja za miaka iliyofuata zisomwe kwa kuzingatia hilo: idadi ya miti inaposhuka kwenye mipaka ileile hakuna udanganyifu, na inapopanda tena uliza kama ni miti inayozaa au ni miche.

Daftari la Kihindi kama kielelezo

Madaftari ya wafanyabiashara wa Kihindi yalikuwa marefu, yamefungwa kwa kitambaa chekundu na uzi, bila mistari ya wino. Mikunjo ya karatasi ndiyo iliyofanya kazi ya safu. Upande wa kushoto ni jama, yaani kilichoingia. Upande wa kulia ni udhari, kilichotoka. Ni kinyume cha daftari la Kizungu, ambalo huweka deni kushoto. Karani aliyenakili kwa haraka aliweza kugeuza mkopaji kuwa mkopeshaji, kwa hiyo nakala ya Kiingereza ilinganishwe na asili kila asili inapokuwepo. Sehemu za rupia huonyeshwa kwa vijistari na si kwa tarakimu, na mwandiko wa kibiashara huacha alama nyingi za irabu, jambo linalofanya majina ya Kiswahili na Kiarabu yasomeke kwa njia mbili tatu. Kuwa na msomaji wa Kigujarati hakutoshi. Anatakiwa aliyezoea mwandiko wa maduka.

Sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilikubali maandishi ya daftari linaloandikwa mfululizo katika shughuli za kila siku, lakini ikasema hayo peke yake hayatoshi kumtia mtu deni. Mdai alitakiwa kuongeza kitu: risiti, shahidi, karani aliyeandika. Ndiyo maana majalada haya yana maelezo mazuri ya makarani kuhusu jinsi duka lilivyoendeshwa: nani alifungua kasha, hesabu ilifungwa lini, nguo ilipimwaje. Kwangu mimi ushahidi wa karani una thamani kuliko hukumu yenyewe. Jaji aliandika alichoamua, karani alieleza kazi.

Sheria ya ukomo wa madai nayo imeacha alama zake. Deni la kawaida la fedha lilikuwa na miaka mitatu, na hesabu ilianza upya mdaiwa akikiri kwa maandishi. Kwa hiyo kila mwaka wa hesabu ulipofungwa wakati wa Diwali, mdaiwa alitia saini chini ya salio lake. Ukikuta malipo ya rupia 2 kwenye deni la rupia 800, wiki chache kabla ya miaka mitatu kutimia, usidhani mtu huyo alikuwa akijitahidi kulipa. Deni lilikuwa linahuishwa.

Tatizo kubwa ni kwamba daftari lenyewe kwa kawaida halimo. Kanuni za mwenendo wa madai zilizotoka India zilimruhusu mfanyabiashara kuleta nakala ya maingizo yanayohusika; korti ikalinganisha, ikatia alama, na daftari likarudi dukani kwa kuwa duka lilikuwa linalihitaji. Vielelezo vingine vilirudishwa baada ya muda wa rufaa kupita. Tulichobakiwa nacho ni kurasa alizozichagua mdai. Zilizokuwa zinamuumiza hazikunakiliwa, isipokuwa mdaiwa alipozidai. Kwa hiyo tafuta kila mara orodha ya vielelezo mwanzoni au mwishoni mwa jalada, uilinganishe na vilivyomo. Kilichoorodheshwa kisichokuwemo ni taarifa pia.

Mpangilio wa jalada la madai ni huu: hati ya madai, hati ya kuitwa shaurini na maelezo ya tarishi aliyeipeleka, majibu ya mdaiwa, vielelezo vyenye herufi au namba, ushahidi, hukumu, amri, na mwisho utekelezaji. Wasomaji wengi huishia kwenye hukumu. Utekelezaji ndio wenye orodha ya mali iliyokamatwa, bei za mnada na majina ya walionunua. Mara nyingi mnunuzi wa mnada ni ndugu wa mdaiwa au mdai mwenyewe, na hilo linabadilisha kabisa maana ya kesi.

Majalada ya mirathi na ya kufilisika hayana haja ya maelezo marefu: yana orodha za vitu. Duka la mtu aliyekufa ghafla liliorodheshwa jora kwa jora, pishi kwa pishi, pamoja na wadeni wake wadogo ambao wasingeonekana kwenye kesi yoyote. Kwa historia ya rejareja hakuna kinachozishinda orodha hizi. Tahadhari ni moja tu, thamani zake ni za mnada au za kukisia, hivyo ziko chini ya bei ya dukani.

Fedha, vipimo, tarehe

Kanuni ya kwanza: andika kama ilivyoandikwa, kisha geuza kwenye safu nyingine. Usigeuze ndani ya safu ileile.

Riale ya pwani ni ile ya Maria Theresa, na kwa sehemu kubwa ya robo ya mwisho ya karne ya 19 ilihesabiwa kuwa karibu rupia 2 na anna 2. Ilitumika pia kama fedha ya hesabu tu, yaani hati inasema riale na malipo yanafanyika kwa rupia. Rupia ni anna 16, anna ni pesa 4. Zanzibar iliacha rupia tarehe 1 Januari 1936 kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia, ilhali Kenya na Tanganyika zilikuwa zimehama mapema zaidi, mwaka 1920 na 1921, kwa shilingi mbili kwa rupia. Deni la rupia 1,000 ni shilingi 1,500 upande mmoja wa maji na 2,000 upande wa pili. Kwenye hati za Kijerumani za bara, rupia ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, kisha heller 100, na rupia 15 zilikuwa mark 20.

Farasila ni karibu ratili 35 za Kiingereza, kama kilo 16. Pishi ni vibaba vinne na ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo pishi ya mchele na pishi ya mtama hazilingani uzito. Doti ni yadi 4, au mikono 8. Jora la merikani lilihesabiwa yadi 30, lakini viwanda vilipunguza urefu, na mashahidi wanalalamikia hilo; likitajwa, linukuu.

Kwa tarehe za Kihijria, zidisha mwaka kwa 0.97 na ongeza 622 upate makadirio: 1300 inakupa 1883, na kweli mwaka huo ulianza Novemba 1882. Kwa siku kamili tumia jedwali, kisha rekebisha kwa jina la siku lililoandikwa kwenye hati, kwa sababu mwezi ulianza kwa kuonekana na jedwali linaweza kupishana siku moja au mbili. Kumbuka siku huanza magharibi: usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jioni kwa kalenda ya ofisi. Kwa madaftari ya Kigujarati, mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindu, unaanza baada ya Diwali. Toa 57 hadi Desemba, toa 56 kuanzia Januari. Samvat 1940 ilianza mwishoni mwa mwaka 1883. Jalada moja linaweza kuwa na kalenda zote tatu, na zikigongana, amini ile ya mtu aliyekuwa akiitumia kila siku.

Kwa majina, tengeneza orodha ya tahajia. Mtu mmoja ana sura tatu: ya Kiarabu, ya Kigujarati na ya karani wa Kiingereza. Pemba kwenye hati za Kiarabu huitwa al-Jazira al-Khadra, na anayetafuta "Pemba" hataiona. Wanawake wako wengi kuliko inavyodhaniwa, wamiliki na wakopeshaji pia, lakini mara nyingi nyuma ya wakili ambaye ni mume, kaka au mtoto. Weka safu ya mwenye mali na safu ya wakili mbalimbali.

Ng'ambo ya pili

Mombasa, Malindi na Lamu zina hazina ya aina yake. Sheria ya hatimiliki ya pwani ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi kwenye ukanda wa maili kumi walete madai yao kwa msajili wa hatimiliki, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Watu walileta nyaraka za kale ambazo zisingetoka makabatini kwa sababu nyingine yoyote: mauzo, rehani, wakfu, mirathi. Waliokuwa mbali, au wasiokuwa na karatasi, hawamo, na ugomvi wa ardhi wa pwani ya Kenya hadi leo una mizizi hapo. Kwa bara, hati za Kijerumani zilizoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zimeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia tangu mwaka 1997. Korti za Wazungu na mashauri ya wenyeji vilitenganishwa, hivyo tafuta pande zote mbili.

Kunakili, na karatasi zilizoko nyumbani

Mikono mikavu na safi inatosha kwa karatasi. Glavu hupunguza hisia na kuchana kingo. Penseli tu mezani. Piga picha ya jalada la nje na namba yake kwanza, kisha kila karatasi mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu, ili baadaye ujue kwamba ilikuwa tupu. Usitumie mwanga wa flashi. Geuza meza iwe karibu na dirisha na mwanga uje kwa ubavu, maandishi yaliyofifia na mihuri mikavu vitaonekana. Wino wa zamani wa chuma hula karatasi kwenye unyevu wa pwani, na herufi hudondoka kama vumbi ukurasa ukikunjwa: ukiona rangi ya kutu kuzunguka maneno, usiifungue karatasi iliyokunjwa, mwite mhifadhi. Taja faili kwa namba ya jalada na karatasi, mbele au nyuma, siku hiyohiyo. Picha zisizo na majina baada ya mwezi huwa hazina kwao.

Nyaraka hizi bado zina nguvu ya kisheria, na zinahusu watu. Humo mna nani alikuwa mtumwa wa nani, nani alimdhulumu yatima, shamba gani lilitoka kwenye ukoo gani. Anayechapisha majina ya familia zilizopo apime kwanza kama jina linahitajika kwa hoja yake, na aliyepata hati inayogusa ardhi inayogombaniwa asiitoe kipande. Aitoe na nyuma yake.

Aliye na waraka wa babu kwenye sanduku asiuweke plastiki ya moto wala kuuziba kwa selotepu: plastiki hufungia unyevu ndani na gundi hugeuka kahawia ikapenya hadi upande wa pili. Aunyooshe bila kulazimisha, auweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na pini ya chuma, mbali na ukuta wa nje na sakafu. Aandike kwenye karatasi ya pembeni waraka ulitoka kwa nani, ulipatikana wapi na ulikuwa pamoja na karatasi gani nyingine. Kisha apeleke picha ya pande zote mbili Kilimani akaombe ilinganishwe na madaftari ya AM. Namba ya msajili ikiwa bado inasomeka, ingizo lake linaweza kupatikana pamoja na maneno yaliyoandikwa pembeni baada ya waraka kuondoka mikononi mwa karani.